Mgongo Uumao na Ulimi wa Jirani



Yako magonjwa yanayojieleza yenyewe. Kidonda huonekana kwa macho. Homa husikika mtu akiwekewa mkono katika paji la uso. Naye aliyevunjika mguu hana haja ya kumsihi mtu amsadiki. Lakini uko ugonjwa mwingine usio na kidonda, wala homa, wala uvimbe, nao waweza kukaa na mtu miaka kumi au ishirini. Ndio ugonjwa wa mgongo, hasa ule utokao katika diski, yaani vile vitakia vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo. Mgonjwa huyu hulala akiumwa, huamka akiumwa, na ajapo mbele ya watu ana shahidi mmoja tu, yaani kinywa chake mwenyewe.

Basi swali ninalotaka tulifikiri mwezi huu ni hili: Mtu akituambia, "Mgongo wauma, siwezi," nasi tukimtazama hatuoni kitu, je, neno lake latosha? Yatupasa kumsadiki, au twaweza kungoja ushahidi mwingine? Labda mtu atadhani ya kuwa swali hili ni la waganga peke yao. Mimi naona ni swali la mwenendo wetu sote, kwa maana wengi walio na ugonjwa huu huumia mara mbili: kwanza kwa mgongo wao, tena kwa ulimi wa jirani.

Neno la kwanza: tuujue ugonjwa wenyewe

Hapana awezaye kuamua kwa haki jambo asilolijua. Kwa hiyo tuanze na mgongo.

Kutoka shingoni hata kiunoni mwanadamu ana pingili 24 zilizopangwa moja juu ya nyingine, na vitakia 23 vya kuzituliza zisisagane. Kila kitakia kina pete ngumu kwa nje, iliyofumwa tabaka juu ya tabaka kama ukili wa mkeka, na ndani yake mna ute mzito wenye maji mengi. Ute huo ndio upokeao uzito wa mwili na wa mizigo yote tunayoibeba. Miaka ikipita maji yake hupungua, na pete hupata nyufa. Mambo haya huwapata hata watu wasiofanya kazi nzito, maana hufuata umri na pengine hurithiwa katika ukoo. Walakini kuinama sana na kuinua mizigo huzidisha taabu. Pete ikipasuka, ute waweza kutokeza nje na kuubana mshipa wa fahamu upitao karibu. Nayo mishipa ya kiunoni ndiyo ishukayo miguuni. Kwa hiyo mtu husikia kama moto ukitelemka toka kalioni hata unyayoni, na huku mguu wenyewe hauna kosa lo lote. Watu wakiutazama mguu huo huuona mzima, wakashangaa kwa nini mwenyewe analia.

Watu wengi husema, "Diski imeteleza." Si hivyo. Kitakia kimeshikamana na pingili kwa juu na kwa chini, wala hakiwezi kuteleza kama sabuni mkononi. Hutokeza, au hupasuka, au huchakaa.

Sasa ziangalieni kazi za nchi yetu. Mkulima wa pamba hulima kwa jembe la mkono, ameinama tangu alfajiri hata jua kuwa kali. Mama hujitwika ndoo ya lita 20 za maji, nazo ni kilo 20 juu ya shingo na mgongo wake. Wavuvi wa Ghuba ya Speke huvuta nyavu usiku, na asubuhi wanawake huinama mwaloni kuanika dagaa. Kijana wa bodaboda hukaa juu ya chombo chake mchana kutwa, akitikisika katika njia za vijijini. Je, twaweza kustaajabu migongo ikichoka? Wala si kwetu tu. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika mwaka 2020 watu wapata milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, wala hapana ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi zaidi katika kazi na maisha yao.

Iko na habari njema, nayo yafaa isemwe wazi ili mtu asikate tamaa. Wengi waliopasuka diski hupata nafuu baada ya majuma au miezi michache pasipo kupasuliwa, maana mara nyingi mwili wenyewe huunyonya ute uliotokeza. Lakini wako wasiopata nafuu hiyo. Maumivu yakizidi miezi mitatu waganga huyaita maumivu sugu. Hawa ndio ninaowaandikia habari zao, kwa sababu mwezi wa kwanza watu wote humhurumia mgonjwa, na mwaka wa tatu huchoka naye.

Neno la pili: habari za ushahidi

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa Ujerumani, aligundua mionzi ile ya eksirei, na mifupa ya mtu aliye hai ikaanza kuonekana pasipo kisu. Lakini eksirei huonyesha mifupa. Kitakia chenyewe hakionekani humo. Ikapita miaka karibu 40. Ndipo mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston katika Marekani, William Mixter na Joseph Barr, walipoandika habari za wagonjwa waliopasuliwa, wakaonekana diski zao zimepasuka na kuibana mishipa. Tangu hapo waganga wa nchi nyingi wakaifahamu sababu hii.

Lifikirini jambo hilo kidogo. Mtu aliyeungua mguu kwa maumivu haya katika mwaka 1933 aliumwa sawasawa na yule wa mwaka 1935. Ugonjwa haukuzaliwa siku ile ulipopata jina. Waliobadilika ni watazamaji. Yule wa kwanza labda aliitwa mwongo au mvivu, naye wa pili akaitwa mgonjwa, na migongo yao ilikuwa mamoja. Basi kutoona kwetu hakuwezi kuwa ushahidi ya kwamba hapana kitu.

Siku hizi iko mashine ya MRI, itumiayo nguvu ya sumaku, nayo yaionyesha diski yenyewe. Mtu atasema, "Vema, sasa fumbo limekwisha. Aende apigwe picha, nasi tutajua kama asema kweli." Lakini sikieni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walitoa habari za watu 98 waliopigwa picha hiyo, wote wakiwa hawaumwi mgongo hata kidogo. Waliokutwa na diski zote nzima walikuwa sehemu 36 tu katika 100. Tena mwaka 2015 wataalamu wengine walikusanya uchunguzi 33, wenye watu 3,110 wasioumwa. Wakaona ya kuwa kwa wenye miaka 20, watu 37 katika kila 100 wana diski zilizoanza kuchakaa. Na kwa wenye miaka 80, watu 96 katika kila 100. Nao wote hawakuwa na maumivu! Kwa upande wa pili wako waumwao vibaya sana, na picha yao haionyeshi jambo kubwa.

Basi picha ina kazi yake. Humsaidia daktari kujua kama uko ugonjwa mwingine wa hatari, na humwonyesha mahali pa kupasua, ikiwa kupasua kwahitajiwa. Lakini haiwezi kupima maumivu. Kwa pamba tunayo mizani, na kwa samaki tunayo mizani. Mizani ya kupimia maumivu ya mtu haijatengenezwa na mtu ye yote.

Tena iko siri nyingine. Maumivu yamewekwa katika mwili kama mbwa wa mlinzi, ili abweke mwizi ajapo. Lakini yuko mbwa ambaye akiisha kubweka usiku mwingi huzoea kubweka hata mwizi alipokwisha kwenda zake. Mishipa ya fahamu nayo huweza kuwa hivyo: jeraha limepona, na maumivu yangaliko, nayo ni maumivu ya kweli. Mbwa abwekapo, sauti yake husikika na usingizi hutoka, hata kama uani hapana mtu.

Kwa ajili ya mambo haya wataalamu wa maumivu, walio na chama chao cha mataifa yote, walipoitengeneza upya maana ya neno "maumivu" katika mwaka 2020, waliongeza shauri hili: mtu akitoa habari ya kwamba anaumwa, habari yake iheshimiwe. Angalieni ni nani wasemao haya. Ni watu wenye mashine na dawa na vitabu, na baada ya kutafuta sana wamefika mahali pa kumsikiliza mgonjwa. Nasi tusio na kitu ila macho yetu, twapata wapi ujasiri wa kumkana?

Neno la tatu: maumivu yasiyo na jeraha humtafuta mshitakiwa

Mwanadamu hapendi jambo lisilo na sababu. Akiona mguu uliovunjika haulizi zaidi, kwa kuwa sababu iko mbele yake. Lakini akiona mwenzake anaumwa mwaka hata mwaka, wala hapana kidonda, moyo wake hautulii mpaka ampate wa kumlaumu. Na huku kwetu Usukuma washitakiwa ni wawili.

Wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Sisi ni watu wa kazi ya pamoja. Wote waijua Bugobogobo, ngoma ya majembe, jinsi watu wanavyokwenda kwa ngoma moja, na majembe kupanda na kushuka kama jembe moja. Ni jambo la kupendeza sana, tena limelima mashamba mengi. Lakini mstari wa wakulima una ukali wake: abakiye nyuma huonekana na wote. Akibaki nyuma mara ya kwanza watu hucheka. Mara ya pili hunong'ona. Mara ya tatu amekwisha kupewa jina, naye ataitwa mvivu yeye na watoto wake. Na kesho yake akionekana amesimama mnadani akizungumza, hukumu yake imetimia. "Mnamwona? Kulima hawezi, mnadani aweza."

Walakini hivyo ndivyo ulivyo ugonjwa huu. Mtu aweza kutembea, asiweze kuinama. Aweza kusimama, asiweze kuketi katika benchi kwa muda wa ibada. Wengi wao kutembea huwapa nafuu, na kuinama mara moja kuokota kijiko huwaangusha siku tatu. Tena maumivu haya huja na kwenda. Jumatatu si sawa na Jumanne. Kwa hiyo tumwonapo akienda zake njiani hatujapata neno la kumshitaki. Si ajabu mgonjwa kama huyu akitamani angevunjika mguu, ili watu wapate kitu cha kuona.

Mshitakiwa wa pili ni mtu wa tatu asiyehusika kabisa. Ninasema habari za uchawi. Nchi yetu imeibeba aibu hii miaka mingi: bibi vizee wameuawa kwa mapanga, kwa sababu mtu fulani aliugua, akaenda kupiga ramli, na ramli ikamwelekea jirani mwenye macho mekundu. Na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, alikopikia watoto na wajukuu maisha yake yote. Ugonjwa gani ufaao kwa ramli kuliko huu? Hauna jeraha, hauishi, huja usiku, huchoma kama moto, huhama toka kiuno hata mguu. Ndoo ya maji na jembe vimeipasua diski, na damu ya mama mzee asiyejua neno lo lote yaweza kumwagika kwa ajili yake.

Hukumu hizi mbili, "Ni mvivu" na "Amerogwa," zaonekana kuwa mbali. Ya kwanza hutoka kinywani mwa mtu ajionaye ameelimika, na ya pili huchekwa na yeye huyo. Lakini ni ndugu wa tumbo moja. Zote mbili huzaliwa na moyo usioweza kuvumilia kusema, "Sijui sababu." Zote mbili hutoa ushahidi juu ya jambo lisiloonekana na anayelishuhudia. Katika katekisimo yetu amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, na wengi wetu hudhani ya kuwa amri hiyo ni ya mahakamani. Lakini shahidi ni nani, ila yeye aliyeona? Nawe uliyeko nje ya mgongo wa mwenzako umeona nini?

Wazee wa pwani wana methali: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi wa nchi ya pamba twaweza kuifahamu kuliko wao. Mgeni akiiona pamba nyeupe juani hudhani ni kitu chepesi kama wingu. Lakini mtu aliyejitwika gunia la pamba lililoshindiliwa, akalipeleka hata mahali pa kuuzia, ajua uzito wake. Uzito haujulikani kwa macho. Huujua aliye chini ya gunia.

Neno la nne: je, hakuna waongo?

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, wasema tuwasadiki wote. Je, hakuna wavivu wanaojifanya wagonjwa?" Wako, sikatai. Toka zamani wako watu wanaopenda kula jasho la wengine. Basi tuyapime makosa mawili, tuone lipi ni zito.

Nikimsadiki mvivu, hasara yangu ni nini? Mistari kadhaa ya pamba haikupaliliwa, au ndoo chache za maji nimezichota mimi. Hasara hii huonekana, hupimika, na msimu ujao yaweza kulipwa. Lakini nikimkana mgonjwa wa kweli, nimempokonya heshima yake. Kwa kuona haya atainua mzigo asiouweza, naye ataumia zaidi. Ataacha kuja penye watu. Mkewe atasikia maneno kisimani, watoto wake watasikia shuleni, na nyumba itaingia ugomvi. Na mwisho wake labda atakwenda kwa mpiga ramli, kwa kuwa huko angalau watu humsikiliza. Hasara hizi hazilipiki kwa msimu mmoja. Mwenye akili akipaswa kuchagua kosa moja katika haya mawili, atachagua lile la kwanza, wala hatajuta.

Tena nasema, kumsadiki mtu si kumlaza kitandani. Hapo wengi hukosa kwa huruma. Zamani waganga waliwaambia wenye kuumwa mgongo walale majuma mengi. Mwaka 1986 ulitolewa uchunguzi wa Marekani uliolinganisha waliolala siku mbili na waliolala siku saba, ikaonekana ya kuwa waliolala siku saba hawakupata faida zaidi. Walipoteza siku za kazi tu. Siku hizi waganga hushauri mtu aendelee kutembea na kufanya kazi kadiri awezavyo, na kufanya mazoezi ya viungo kama alivyofundishwa na wajuao. Misuli isiyotumika hudhoofika, na mgongo usio na misuli ni kama hema lililolegea kamba.

Kwa hiyo njia iliyo njema ni kumbadilishia kazi. Asiyeweza kuinama aweza kusimama penye mizani ya pamba na kuandika hesabu. Asiyeweza kubeba ndoo moja ya lita 20 aweza kubeba vidumu viwili vya lita tano, kimoja kila mkono. Asiyeweza kuketi muda mrefu aweza kuchunga, akitembea. Na katika kanisa, mzee asimamaye ukutani wakati wa mahubiri asitazamwe kama mtu anayetaka kutoka. Huenda ndiyo njia yake ya kuweza kukaa nasi.

Tukifanya hivi hatuna haja ya kuwa mahakimu. Maana mtu mwenye maumivu, akipewa kazi aiwezayo, mara nyingi huifurahia kama chakula, kwa kuwa imemrudishia utu wake. Mvivu naye huikimbia kazi nyepesi kama alivyoikimbia nzito. Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhesabu, kwa maana maumivu ya miaka mingi huvunja na moyo, na mtu aliyevunjika moyo aweza kuonekana kama mvivu naye si mvivu.

Neno la tano: wajibu wa mgonjwa

Nimesema mengi juu ya majirani. Sasa ninyi mnaoumwa. Mtu atakaye neno lake lisadikiwe hana budi kulitunza neno hilo.

Huku kwetu mtu akiamkiwa "Mwangaluka," akaulizwa habari, hujibu "Mhola," yaani salama. Waswahili nao husema "Sijambo." Je, mwenye kuumwa akijibu hivi amesema uongo? Sidhani. Salamu ni kupeana amani, wala mtu anayekupita njiani hakuja kupokea habari za pingili zako. Lakini kwa mke, kwa mume, kwa wana, kwa wenzi wa kazi, hao wanaoubeba mzigo unaouacha, neno "mhola" halitoshi. Hao wanakudai maneno ya wazi: "Leo hili naliweza, lile siliwezi." Asiyesema huwaacha wakisie, na akisiaye hukosea. Martin Luther alipoteswa vibaya na mawe katika njia ya mkojo huko Schmalkalden mwaka 1537, alimwandikia mkewe Katharina wazi wazi jinsi alivyoteseka, wala hakuona haya.

Seme ukweli wote, usipunguze, usizidishe. Siku ya nafuu useme ni siku ya nafuu, ili siku ya taabu neno lako liwe na uzito. Usiyafanye maumivu kuwa fimbo ya kuwapigia watu wa nyumbani mwako. Wao nao wamechoka, na uchovu wao hauonekani kama yasivyoonekana maumivu yako.

Tena jihadhari na dawa. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki huuzwa karibu kila mahali, na mtu hununua vichache leo na vichache kesho, mpaka mwaka umekwisha. Dawa hizi zina msaada zikitumiwa kwa kipimo cha mganga, lakini zikimezwa siku nyingi pasipo kipimo huchubua tumbo hata litoke damu, na huharibu figo. Usiuponye mgongo kwa kuyaua matumbo.

Na yako mambo yasiyongoja. Mtu mwenye kuumwa mgongo akiona mkojo umezuilika au mkojo na choo vyatoka pasipo kujua, au akipata ganzi katikati ya mapaja, au miguu yote miwili ikilegea, apelekwe hospitali siku ile ile. Mishipa inabanwa, na akikawia aweza kubaki hivyo siku zote. Kadhalika maumivu ya mgongo yafuatanayo na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda yaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Huo una dawa, nayo katika Tanzania hutolewa bure. Kwetu watu wa Kanda ya Ziwa iko hospitali ya rufaa ya Bugando katika Mwanza, na katika Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1996, ambako wagonjwa wa uti wa mgongo hutibiwa na kupasuliwa. Najua ya kuwa toka Lamadi hata Mwanza ni zaidi ya kilomita 100, na kukaa garini kwa mgonjwa huyu ni mateso, tena nauli ni ghali. Basi hapo ndipo ujirani uonekane. Fedha ambayo ingelipwa kwa mpiga ramli na ikusanywe kwa nauli.

Neno la mwisho

Mnazijua habari za Ayubu na rafiki zake. Walipomwendea katika mateso yake waliketi naye chini siku saba, wala hawakusema neno. Mpaka hapo walikuwa rafiki wa kweli. Walipofungua vinywa vyao ili kueleza sababu ya mateso yake, ndipo walipoanza kukosa, kwa maana walitaka mshitakiwa, wakamfanya Ayubu mwenyewe kuwa mshitakiwa.

Sisi tukiulizwa, "Kwa nini mtu huyu anaumwa siku zote?" twaweza kujibu, "Sijui," wala si aibu. Lakini tusiseme "Sijui" kisha tukaenda zetu. Msimu wa kuchuma pamba ukifika, pita kwa jirani yako mwenye mgongo kabla hamjagawana mistari. Usimwulize, "Hujapona tu?" maana swali hilo lina hukumu ndani yake. Mwulize, "Mayu, leo waweza kazi gani?" au, "Baba, leo nikuachie ipi?" Kisha atakalokujibu, lisadiki, mkaanze kazi.